Kukwangua picha kwa rangi iliyo salama

Katika darasa moja la awali huko Dutwa, wilayani Bariadi, vipande vya maboksi ndiyo karatasi za sanaa. Mtoto hupaka kalamu za nta za rangi mbalimbali hadi boksi lisionekane. Mwalimu hupitisha juu yake rangi nyeusi ya maji yenye matone ya sabuni ya maji, ili ishike kwenye nta. Ikikauka, mtoto hukwangua kwa njiti, na ng'ombe au shamba la pamba hujitokeza. Vidole vinavyokwangua ndivyo vitakavyoshika penseli.

Rangi ilipoisha, mama mmoja alileta kopo lililobaki baada ya kupaka geti.

"Asante sana mama, ila hii tusiwape watoto," mwalimu alimwambia.

Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi. Unga wa kukwangua hubaki vidoleni, kisha huingia mdomoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtoto mdogo hufyonza madini hayo yakimezwa mara 4 hadi 5 ya kiwango cha mtu mzima, na madhara yake kwenye ubongo huaminika kuwa ya kudumu.

Mzazi, ukijaribu nyumbani, tumia rangi ya maji ya watoto, tandika gazeti, na mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.