Juu ya Kufundisha Utafutaji wa Hitilafu za Mtandao

Mwalimu yeyote afundishaye somo la kompyuta hujikuta siku moja amesimama mbele ya darasa ilhali mashine zimekataa kwenda mtandaoni. Andalio la somo liko mezani, dakika zinakwenda, na wanafunzi wanamtazama yeye. Sisi tumesimama hapo mara nyingi. Katika makala haya twapenda kueleza mara moja tu kati ya hizo, kwa kuwa siku zile tulimdhulumu mwanachuo wetu, na dhuluma hiyo haikutokana na uchache wa vifaa, bali na njia mbaya ya kutafuta hitilafu.

Chumba cha kompyuta cha chuo chetu kina mashine 12. Ni za zamani, na tumeziwekea Ubuntu, mfumo endeshi ambao haulipiwi. Mfumo huo ni wa ukoo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kiini chake, Linux, kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki. Jina lenyewe ni la lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika, nalo ni ndugu wa neno letu "utu".

Mashine zote zimeunganishwa kwa waya na swichi moja, na swichi imeunganishwa na ruta, ambayo ndiyo lango la kutokea nje. Ruta ina kazi ya pili. Kila mashine inapowashwa hupiga mbiu kuomba anwani, na ruta huipatia. Anwani hiyo ni namba. Zetu zilianza na 192.168.1, kisha ikafuata namba ya mashine yenyewe. Pamoja na anwani, mashine huambiwa lango liko wapi na ni nani wa kuulizwa majina ya huko nje. Yafaa ikumbukwe kwamba mashine haimjui mtoaji wa anwani, bali humwamini yeyote anayewahi kuijibu. Jambo hili tulilijua, na hata tulikuwa tumelifundisha ubaoni.

Jumatatu moja, wiki mbili kabla ya wanachuo kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, tulichukua kutoka nyumbani ruta ndogo iliyokwisha kutumika, ili wakufunzi wapate mtandao usiotumia waya katika chumba chao. Wakati wa mapumziko ya chai tuliipachika kwenye waya uliokuwa ukutani, tukaiweka juu ya kabati. Taa zake zikawaka. Kengele ikalia kabla hatujaijaribu, tukaenda darasani, na kwa siku kumi hatukuikumbuka tena.

Mchana wa siku hiyo wanachuo walikuwa wakipakua mihtasari na vitabu kutoka maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Usimamizi wa chumba tulimwachia mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili, kijana mkimya. Yapata saa tisa mashine moja iliganda. Akaizima, akaiwasha. Ikawaka vizuri, lakini haikufungua ukurasa wowote. Wenziwe waliokuwa wakilalamika kwamba mashine zao ni nzito wakamwomba awawashie upya na wao, naye akafanya hivyo. Tulipoingia saa kumi na moja alikuwa amezima na kuwasha mashine 6. Kati ya hizo, 5 hazikufika popote. Moja ilikuwa nzima. Zile 6 ambazo hakuzigusa zilikuwa zikifanya kazi bila taabu.

Ushahidi gani zaidi ungehitajika? Tulimwuliza amebadilisha nini.

"Sikubadilisha kitu, Mwalimu. Nimezima na kuwasha tu."

Hatukumsadiki. Tulimpiga marufuku kuingia chumbani, na tukaandika jina lake katika daftari la nidhamu, ambalo huangaliwa wakati wa kutoa alama za mwenendo. Kijana huyu hakuwa na simu ya kuingilia mtandaoni. Alikuwa na simu ya tochi tu. Wenzake waliendelea kupakua vitabu kwa mashine zilizobaki, naye akawa anaazima vitabu vyao jioni na kunakili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, akikaa barazani mwa bweni. Tulimwona kila tulipopita kwenda nyumbani.

Siku zilizofuata ugonjwa ulianza kutembea. Kwa kuwa mashine zote huzimwa usiku, kila asubuhi ziliamka na hali mpya: leo zimekosa 3, kesho 7, na ile iliyokosa jana imepona bila kuguswa. Mtu mwenye akili tulivu angeona kwamba jambo hili linamtoa kijana hatiani, kwani hakuwamo chumbani. Sisi tuliona kinyume: tulisema kumbe ameziharibu zote. Tukanunua waya mpya kwa fedha zetu. Tukafuta mashine 2 na kuziwekea Ubuntu upya, kazi ya usiku mzima; moja ikapona, tukajipongeza, na asubuhi yake ikaugua tena. Kila tulilolifanya lilikuwa tiba, na hapana hata moja lililokuwa swali.

Alhamisi ya wiki ya pili, kwa kuwa hatukuwa na namna nyingine, tuliufanya ugonjwa wenyewe kuwa somo. Tuliandika ubaoni hatua za kutafuta hitilafu, tukianza na lililo karibu na kuendelea hadi lililo mbali, kama tufundishavyo jiografia: darasa kwanza, kisha shule, kisha kijiji. Ngazi hiyo twaieleza hapa, maana mwalimu mtarajiwa ataihitaji.

Kwanza tazama waya na taa zake; ni aibu kutafuta kosa mbali ilhali waya umechomoka. Pili fungua dirisha la amri, andika ip address, na usome mashine imepewa anwani gani. Ikiwa haina, au ina ile inayoanza na 169.254, basi iliomba na hakuna aliyeijibu. Tatu andika ip route. Mstari unaoanza na neno default utakuonyesha lango. Baada ya hapo ita, kwa amri ya ping: ita 127.0.0.1, ambayo ni mashine kujiita yenyewe, ita jirani, ita lango, ita namba iliyo nje, kama vile 8.8.8.8; mwisho ita jina. Kila jibu linakata sehemu ya njia na kuiweka kando. Ikiwa mashine inajijibu na lango halijibu, kosa liko ndani ya jengo. Ikiwa lango linajibu na nje kimya, kosa liko langoni au mbele yake. Na ikiwa namba ya nje inajibu lakini jina halijibu, njia ni nzima. Aliyekosekana ni mtafsiri wa majina, na hapo ndipo utazame faili iitwayo /etc/resolv.conf. Watu wengi huliita kosa hili la mwisho "mtandao umekufa", na huzima kila kitu bure. (Katika Linux ping huita bila kukoma; andika ping -c 4 ili iite mara 4 tu na kunyamaza.)

Amri hiyo ya ping iliandikwa na Mike Muuss, Mmarekani, mwezi Desemba 1983, mwenyewe akiwa katika kutafuta hitilafu ya mtandao uliomsumbua. Aliipa jina kutokana na mlio wa vyombo vya manowari, ambavyo hutoa sauti majini na kusubiri mwangwi. Wanachuo hulielewa jambo hili upesi tukilifananisha na kubisha hodi: anayeitika yupo. Asiyeitika, pengine hayupo, pengine amekatazwa kuitika, kwa maana mitambo mingine hupangwa isijibu wito huo. Kwa hiyo kimya ni dalili tu, si hukumu.

Wanachuo walikaa wawili wawili wakafuata ngazi. Mashine zilizougua zilijijibu vizuri. Lango likajibu. Namba ya nje ikawa kimya. Tulikuwa tayari kutangaza kwamba kosa ni la kampuni inayotuletea mtandao (ndivyo walimu tufanyavyo tukichoka) mwanachuo mmoja wa kike aliponyosha mkono.

"Mwalimu, lango langu limejibu. Lakini ni lango la nani? La jirani yangu ni 192.168.1.1, na langu ni 192.168.0.1."

Tulinyamaza. Kwa siku kumi tulikuwa tumezichunguza mashine gonjwa peke yake. Hatukuwahi hata mara moja kuiweka gonjwa kando ya nzima na kuyasoma majibu yao pamoja. Anwani zilizoanza na 192.168.0 hazikuwa zetu. Palikuwa na mtoaji mwingine wa anwani ndani ya chuo, mwenye lango lisilotoka popote.

Tulimwambia aandike ip neigh, amri inayoonyesha namba ya kiwandani ya kila mtambo uliojibu. Ni jozi 6 za tarakimu na herufi, na aghalabu huchapwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya mtambo. Wanachuo wakainakili, wakatawanyika kuutafuta mwenye namba ile. Hawakwenda mbali. Mmoja alipanda juu ya kiti katika chumba cha wakufunzi, akapapasa juu ya kabati baina ya marobota ya mitihani ya zamani, akashusha ruta yetu ndogo, na kuisoma namba yake kwa sauti dirishani huku mwenziwe akiilinganisha. Jozi zote 6 zilikuwa sawa. Waya wake tulikuwa tumeupachika katika tundu lisilolake, lile la kuelekea ndani badala ya lile la kuelekea nje. Kwa hiyo kila mashine iliyopiga mbiu ilisikiwa na watoaji wawili, na aliyewahi ndiye aliyeaminiwa. Mashine ambazo hazikuzimwa Jumatatu ile zilikuwa bado zimeshika anwani zao za asubuhi. Kijana wa watu hakuharibu kitu. Alikuwa mtu wa kwanza kuwasha mashine baada yetu kuipachika ruta.

Tulichomoa waya, tukawasha mashine zote upya. Zote 12 zikapata 192.168.1.

Kumwomba radhi faraghani kungekuwa rahisi, lakini tulimshtaki mbele ya watu. Jioni ile, katika mkutano wa chuo, tulisimama tukaeleza kilichotokea, ruta ikiwa mkononi. Tuliomba pia jina lake lifutwe daftarini. Mwalimu wa nidhamu alijibu, na alikuwa na haki, kwamba daftari hilo halifutwi. Basi tukaandika chini ya shtaka, kwa wino na saini, kwamba mkosaji alikuwa mkufunzi. Kurasa hizo mbili bado zimo.

Kijana aliporudi chumbani hakusema neno juu ya nidhamu. Aliiendea ile mashine moja aliyoiwasha siku ile na ikabaki nzima, akauliza, "Na hii, Mwalimu, mbona hamkuiuliza?" Ni kweli. Mashine moja iliyopona ilikuwa na habari nyingi kuliko zile 5 zilizougua, nasi tuliipita kwa sababu haikukubaliana na hukumu yetu.

Tangu hapo somo hili hatulianzi tena na kompyuta. Twalianza na watoto wa shule ya mazoezi na vipande vya karatasi, jambo ambalo mwalimu yeyote aweza kulifanya hata mahali pasipo na umeme. Watoto 10 husimama kwa duara bila namba. Mmoja ni mtoa namba, na mmoja ni lango, naye husimama mlangoni. Kila mtoto huomba namba kwa sauti, hupewa karatasi yenye namba yake na jina la lango, kisha hutuma barua kwenda nje kwa kupitia lango hilo. Mchezo ukishazoeleka, mwalimu humnong'oneza mtoto wa pili kwamba naye atoe namba, na aandike jina la lango lisilokuwapo. Barua huanza kupotea. Hapo darasa huachiwa lenyewe litafute.

Yule kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuujaribu mchezo huu katika mazoezi ya kufundisha, katika Darasa la Nne, nasi tulikaa nyuma tukiwa na fomu ya tathmini. Barua ya tatu haikufika. Darasa zima likamnyoshea kidole mtoto mdogo aliyekuwa ameishika mwisho, likipiga kelele kwamba ni yeye. Mtoto akaanza kulia. Mwalimu wetu hakuwagombeza. Alimwita mtoto yule mbele, akamwomba aisome karatasi yake kwa sauti, kisha akamwita mtoto ambaye barua yake ilifika, akasimama kando yake, na yeye akaisoma ya kwake.