Nilijifunza Kungoja



Baba yangu mkubwa alifundisha shule ya msingi mjini Bukavu kwa miaka zaidi ya thelathini. Alikuwa msimulizi ambaye watoto walimsikiliza hata wakasahau njaa. Asubuhi moja ya mvua alianguka uani kwa kiharusi. Aliporudi kutoka hospitalini, mkono wake wa kuume ulikuwa umepooza, na katika maneno yake yote lilibaki moja tu: "kesho". Ukimwamkia, alijibu "kesho". Ukimwuliza kama ana njaa, "kesho". Akikasirika, "kesho, kesho".

Nyumbani tulikata shauri upesi kwamba akili yake imekwenda. Wengine walinong'ona juu ya sumu. Tukazoea kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo, na kumjibia wageni waliokuja kumjulia hali.

Kwa sababu yake nilitamani kusomea tiba ya usemi, ile kazi ambayo madaktari wetu huiita ortofonia. Nilikuwa nimemaliza lisansi ya saikolojia, nikapata nafasi ya masta katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Ufadhili ulilipa karo, lakini nauli na gharama za kuanzia sikuwa nazo. Wazee wa ukoo wakaketi sebuleni kwa baba mkubwa, wakakubaliana kuuza kiwanja chake kilichokuwa nyuma ya nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa kitini, akigonga ubao wa kiti kwa mkono wa kushoto na kurudia neno lake. Mzee mmoja akasema, "Amekubali." Wakakishika kidole chake gumba, wakakikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Mimi nilitia sahihi kama shahidi.

Masomo niliyoyakuta hayakuwa mepesi. Anayetoka katika fani nyingine huanza na masomo ya msingi: biolojia, fizikia au kemia, takwimu, sauti za lugha, na maumbile ya sikio na koo. Baada ya hayo ndipo masta yenyewe huanza. Tulijifunza jozi 12 za mishipa ya fahamu itokayo ubongoni, na ipi kati yake huusogeza ulimi, midomo na koo. Tulijifunza juu ya kigugumizi, juu ya watoto wanaochelewa kusema, na juu ya wagonjwa wasioweza kumeza chakula bila kupaliwa. Nilidhani lafudhi yangu ingenifunga mlango. Nikafundishwa kwamba lafudhi si ugonjwa, na kwamba mtaalamu hana haki ya kumtibu mtu kwa sababu tu anasema kama watu wa kwao. Pamoja na vitabu, mwanafunzi hutakiwa kutimiza saa 400 za mazoezi: 25 za kutazama wenye ujuzi wakifanya kazi, na 375 za kuwahudumia watu yeye mwenyewe. Baadaye kuna mtihani wa taifa, kisha kipindi cha kazi chini ya uangalizi kisichopungua wiki 36.

Katika muhula wa pili mwalimu wetu alituambia habari za mtu mmoja wa Ufaransa aitwaye Leborgne. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimpokea akiwa mgonjwa sana. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa amejibu kila swali kwa silabi moja, "tan, tan", hata watu wakamwita Tan. Upande wake wa kuume ulikuwa umepooza. Broca alipomwuliza amekaa hospitalini humo miaka mingapi, mgonjwa alifungua vidole vyote vya mkono wa kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja: miaka 21. Alipofariki siku chache baadaye, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mtu huyo alikuwa amepoteza njia ya kuyatoa maneno, lakini mengi ya aliyoambiwa alikuwa akiyaelewa. Hali hiyo huitwa afasia.

Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa nikiuona mkono wa kushoto wa baba mkubwa ukigonga ubao wa kiti.

Miezi iliyofuata nilianza mazoezi na mzee mmoja mwenye afasia. Baada ya kipindi cha kwanza, msimamizi wangu alinionyesha picha za video zilizopigwa chumbani. Kila mzee alipofungua kinywa, mimi nilimalizia sentensi yake. Nilifanya hivyo kwa huruma, nikidhani namwondolea aibu. Msimamizi aliniambia nihesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kutamka lolote. Wiki iliyofuata nilimwonyesha mzee picha ya mkewe, nikahesabu. Kimya kile kilikuwa kizito kwangu kuliko mtihani wowote. Nilipofika tisa, alilitamka jina lake. Kumbe muda wote lilikuwepo, nami nilikuwa nimeuziba mlango wake.

Usiku ule nilimpigia simu binti ya baba mkubwa. Nilimwomba achore katika karatasi alama mbili kubwa, moja ya ndiyo na nyingine ya hapana, kwa maana neno "kesho" halikuweza kutuonyesha anachokusudia. Si kila mwenye afasia huelewa sawasawa, kwa hiyo kwanza humwuliza mtu mambo ambayo jibu lake linajulikana. Je, wewe ulikuwa mwalimu? Kidole kikaenda kwenye ndiyo. Je, hapa ni Goma? Hapana. Je, mimi ni mwanao wa kumzaa? Hapana. Tulimwuliza maswali kumi, wala hakukosea hata moja.

Ndipo nikamwuliza: Je, ulikubali kiwanja kiuzwe?

Kidole kilikwenda kwenye hapana, kikakaa hapo.

Nilitaka kusema haraka, nijitetee, nitaje nauli na wazee. Nikahesabu. Baadaye nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba nilitia sahihi nikiwa sijamwuliza. Alinitazama katika simu, akasema, "Kesho." Dada yangu alicheka kidogo, akidhani amenisamehe. Mimi sikujua maana yake, na safari hii sikumtafsiria.

Kiwanja hakitarudi, kimekwisha kujengwa. Kila mwezi namtumia sehemu ya posho yangu, na dada humwuliza kwa karatasi itumikeje. Mara ya kwanza alikataa chakula na dawa alivyotajiwa, mpaka dada alipotaja madaftari. Sasa anajizoeza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Vijana wapenzi, wengi wenu huwatembelea wagonjwa siku ya Dominika. Mnaikumbuka habari ya Zakaria katika Injili ya Luka: alipokuwa bubu, majirani walitaka kumpa mtoto jina, lakini hatimaye walimwuliza baba kwa ishara, naye akaomba kibao akaandika. Nawasihi mfanye kama majirani wale. Mkimkuta mtu aliyefungwa ulimi, ketini mbele yake mahali penye utulivu. Zimeni redio. Ulizeni jambo moja tu, kwa sentensi fupi. Pelekeni karatasi na kalamu. Msimalizie neno lake, wala msiseme mmemwelewa ikiwa hamjamwelewa. Na panapokuwa na shauri la nyumba yake au mali yake, mwulizeni yeye kwanza, hata ikichukua mchana mzima.

Anayetamani kuifanya kazi hii asidhani ni lazima avuke bahari kama mimi: huko Lomé, nchini Togo, ipo shule inayowaandaa wataalamu wa usemi kutoka nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Mimi bado nina saa 140 za kutimiza. Nikimaliza nitarudi Bukavu, na nyumba ya kwanza nitakayoingia naijua.