Safari Isiyovuka Mto Themi

Wageni wengi hulala Arusha bila kuitazama. Hufika usiku kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hula, hujitupa kitandani, na jua halijakolea wameshapanda Land Cruiser kuelekea Tarangire, Manyara au Ngorongoro. Sisi wenyeji wa nchi hii hatuna la kujivunia zaidi. Tunaijia kwa semina, kwa kesi au kwa mkutano pale kwenye kituo cha mikutano cha AICC, na kikao kikifungwa tunawahi stendi. Ndiyo maana nataka kuisifia asubuhi moja ya Arusha ambayo haihitaji gari, kibali wala tiketi ya hifadhi. Inahitaji darubini, kamera ukiwa nayo, na bei ya chai.

Mahali penyewe ni bustani ya Arusha Hotel, hatua chache kutoka Mnara wa Saa. Siku hizi hoteli ina jina refu zaidi, Four Points by Sheraton, na yenyewe hujihesabia umri tangu 1894, enzi za Wajerumani. Upande wa mbele ni honi, pikipiki na wauza vinyago. Ukipita mapokezi ukatokea nyuma, unakutana na majani yaliyokatwa vizuri, miti mikubwa ya zamani, na ardhi inayoteremka mpaka Mto Themi.

Huo mto ndio siri ya bustani. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, miguuni mwa Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500. Mlima unakinga mawingu, na maji yake hushuka kupitia katikati ya jiji kwa Themi, Naura na Goliondoi. Kila mto huteremka na ukanda wake wa miti, na ukanda huo kwa ndege ni barabara kuu. Ndege wa msituni anaweza kushuka kutoka mlimani hadi mjini akihama tawi kwa tawi, bila kulazimika kukatiza uwanda mtupu. Ndiyo maana bustani iliyozungukwa na maduka na benki inapata wageni ambao wengine huwafuata porini.

Fika saa kumi na mbili, giza likianza kuchujuka. Wa kwanza kujitangaza ni kwarara, ambaye hajui kunong'ona. Huruka wawili watatu juu ya mapaa wakipiga kelele, kisha hushuka kwenye nyasi na kuanza kuchokoa minyoo kwa midomo yao iliyopinda. Usimdharau kwa kuwa ni wa kila siku. Jua la kwanza likimpiga ubavuni, bawa uliloliona la kijivu hutoa kijani na zambarau. Kwa mpigapicha anayeanza ni mwalimu mzuri: mkubwa, hana haraka, na amewazoea watu. Keti chini kwenye nyasi ili lenzi iwe usawa wa jicho lake. Picha ya ndege iliyopigwa kutoka juu humfanya aonekane kama kitu kilichodondoka. Ya usawa wa macho humpa heshima yake.

Vichakani chini ya miti yupo kurumbiza, mwenye kifua cha rangi ya chungwa na nyusi nyeupe. Huimba alfajiri na jioni, na ana tabia ya kuiga sauti za ndege wengine, kwa hiyo usiandike jina lolote daftarini mpaka umemwona mwimbaji kwa macho. Hapo jirani utamsikia tiva, mweusi mgongoni na mweupe tumboni. Utadhani ni mlio wa ndege mmoja, kama kengele yenye sauti mbili au tatu. Kwa kawaida ni wawili, dume na jike, mmoja akianza na mwenzake akimalizia bila kuacha pengo. Ukisimama katikati yao ndipo unagundua kuwa nusu ya wimbo imetoka kushoto na nusu imetoka kulia.

Lakini mfalme wa bustani hii ni hondohondo wa mashavu ya fedha. Asubuhi niliyowakusudia hao, nilimkuta mtunza bustani akivuta mpira wa maji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unawangoja wale wakubwa?"

"Ndiyo mzee. Wameshapita?"

"Bado. Ukisikia kama mtu anakung'uta mkeka juu ya miti, inua kamera yako."

Alisema kweli. Hondohondo husikika kabla ya kuonekana, kwa sababu bawa lake halina yale manyoya madogo ya chini yanayoziba nafasi kati ya manyoya makubwa, na hewa hupita hapo kwa mvumo. Ni ndege mweusi mwenye mdomo mkubwa, na juu ya mdomo ana pembe ya rangi ya maziwa. Ya dume ni kubwa kuliko ya jike. Huja kwa matunda, hasa ya mikuyu. Hulichuma tunda kwa ncha ya mdomo, hulirusha kidogo nyuma na kulimeza zima, na mbegu huzidondosha kwingine. Kwa namna hiyo anapanda miti ambayo wajukuu zake watakula matunda yake.

Maisha yake ya ndoa yamewashangaza wataalamu kwa muda mrefu. Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani kule Usambara kuanzia 1928, alikuwa miongoni mwa waliofuatilia kwa karibu uzazi wake. Jike huingia kwenye tundu la mti mkubwa, na mlango huzibwa kwa udongo anaouleta dume, hadi ubaki ufa mwembamba. Kwa muda unaokaribia miezi minne jike na kinda hulishwa kupitia ufa huo, tunda moja moja. Kwa hiyo kila hondohondo anayepita juu ya Mnara wa Saa ni ushahidi kwamba mahali fulani kuna mti mzee wenye tundu la kumtosha. Mti wa aina hiyo haupandwi kwenye wiki ya mazingira ukawa tayari mwakani.

Kumpiga picha ni mtihani. Ndege ni mweusi, hupenda matawi ya juu, na nyuma yake kuna anga jeupe. Kamera ikiachwa iamue yenyewe, italihesabia anga na kukupa kivuli chenye pembe. Ongeza mwanga kwa hatua moja au zaidi, anga liungue kidogo, ili jicho na manyoya vionekane. Bora zaidi, subiri ashuke kwenye mti ulio ng'ambo ya mto, ambapo mteremko humweka karibu na usawa wako na nyuma yake panakuwa na majani.

Jua likipanda, hamia kwenye maua. Chozi hawaachi ua lililofunguka. Yupo chozi wa rangi ya shaba mwenye mkia mrefu, yupo yule mweusi ambaye koo lake huwaka zambarau, na yupo mdogo mwenye mkufu, kijani juu na njano chini. Ule mng'ao si rangi iliyopakwa kwenye unyoya. Hutokana na jinsi unyoya wenyewe ulivyojengwa, unavyourudisha mwanga kwa pembe fulani tu. Akigeuka kidogo, moto umezimika na amebaki mweusi. Kwa hiyo usimfukuze huku na huko. Chagua ua moja lililo kwenye mwanga, jua likiwa mgongoni mwako, weka shata kwenye 1/1000 au kasi zaidi, uagize chai. Chozi dume huwa na mzunguko wake na maua yake, na huwafukuza wengine. Akishaondoka, mara nyingi hurudi palepale.

Karibu na maji mwanga hupungua na kasi ya shata lazima ishuke. Hapo hupenda kupita ndege wa kahawia-nyekundu mwenye kichwa cheusi, ambaye dume lake hukokota mkia mrefu kuliko mwili wake. Hukamata wadudu hewani na kurudi kwenye kitawi, na kiota chake ni kikombe kidogo kilichofungwa kwa utando wa buibui. Ukikiona kiota, piga picha moja kwa mbali, bila flashi, uondoke. Usikate jani ili kupata nafasi. Jani hilo ndilo linalomficha kinda asionwe na kunguru.

Mnamo saa tatu, nyasi zikianza kukauka umande, kuzumburu hutoka vichakani na kuning'inia kwenye matawi, matumbo yakiwa yameelekezwa juani. Wanakula majani na matunda kwa wingi, na joto la jua huwasaidia kuyasaga. Mnana nao wako kazini. Huyu wa Arusha, mweusi mgongoni na njano kifuani, hajengi mtaa wa viota mia kama ndugu zake. Huishi na mwenzi wake tu, na huzoea watu kiasi cha kuja kwenye meza kuangalia kilichobaki.

Msimu wa kuja ni wako kuchagua. Oktoba na Novemba mijakaranda huchanua kote mjini, na kuanzia hapo mpaka Aprili huwapo pia mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya. Juni na Julai mawingu hutanda asubuhi: haifai kungoja mng'ao wa chozi, lakini mwanga huo laini unamfaa sana hondohondo mweusi. Adabu ni ileile mwaka mzima. Omba ruhusa mapokezi kabla ya kutoa lenzi ndefu, usiwaelekezee kamera wageni walioko bwawani, na usicheze mlio wa ndege kwenye simu mara kwa mara. Tiva ataacha kula akimtafuta mpinzani asiyekuwapo.

Hifadhini ungekuwa ndani ya gari, ukimsihi dereva asogee nusu mita. Hapa unatembea, unakaa chini, unarudi kwenye ua lilelile, na kwa kurudi huko unaanza kutambua tabia badala ya kukusanya majina. Atakayejifunza kuona hivi bustanini ataiona Serengeti kwa macho mengine. Kwa hiyo, kama safari yako imepangwa kuanza Arusha saa mbili asubuhi, mpigie dereva leo umwambie aje saa nne.