MIKATE YA GEREZA LA THEBES

Askari yeyote aliyepata kuwa kurutu huikumbuka siku yake ya kwanza. Yuko mbali na kwao, amri hajazizoea, na hajui kesho atapelekwa wapi. Atakayempa neno jema au kipande cha mkate siku hiyo hatamsahau, hata akipanda vyeo namna gani. Kwa hiyo habari za Pachomius wa Misri zawafaa watu wa kambini na jamaa zao, ingawa imekwisha pita miaka elfu moja na mia saba tangu zilipotukia.

Pachomius alizaliwa yapata mwaka 292, kusini mwa Misri, kwa wazazi walioabudu miungu ya jadi. Alipofikia umri wa miaka kama ishirini, Dola ya Rumi ilikuwa na vita na ilihitaji watu. Vijana hawakuulizwa hiari yao; walikamatwa, wakapakiwa chomboni na kuteremshwa na mto Naili. Walipofika Thebes, mahali uliposimama leo mji wa Luxor, walifungiwa gerezani usiku wasipate kutoroka.

Jioni ile baadhi ya watu wa mjini walikuja na mikate na vyakula vingine, wakawasihi wafungwa wale wale. Pachomius akauliza ni akina nani hao wanaowatendea wema watu wasiowajua. Akajibiwa kuwa ni Wakristo, na kwamba desturi yao ni kuwahurumia watu wote, hata wageni, kwa ajili ya Mungu wao. Masimulizi ya kale hayataji mahubiri yoyote yaliyotolewa pale, wala hayakuhifadhi jina la hata mmoja wa walioleta chakula. Lakini usiku huo kijana alijitenga pembeni, akamwomba Mungu asiyemjua, akiahidi kwamba akiokolewa katika taabu ile atawatumikia wanadamu maisha yake yote.

Yafaa kuipima thamani ya mikate hiyo. Tangu mwaka 303 Wakristo wa Misri walikuwa wakiteswa kwa amri za makaisari. Wengi waliuawa, hasa huko huko kusini, na wengine walilemazwa na kupelekwa kufanya kazi migodini. Maximinus, aliyetawala Misri wakati huo, alikuwa miongoni mwa watesi wakali kupita wote. Makurutu wale walikuwa wakikusanywa kwa ajili ya jeshi lake. Huenda basi unga ule ulitoka katika nyumba zenye msiba, ukalishwa vijana ambao siku ya pili wangeweza kutumwa kuzivunja nyumba hizo hizo. Mama anayepima unga wa wiki nzima kwa kikombe ataelewa kwamba kuchota humo kwa ajili ya mgeni si jambo dogo, seuze kwa ajili ya askari wa adui.

Mwaka 313 Maximinus alishindwa na mwenzake Licinius, na makurutu wakaachiliwa. Pachomius alikwenda katika kijiji cha Sheneset, akabatizwa. Maradhi ya kuambukiza yalipokizukia kijiji hicho, aliwauguza wagonjwa na kuwatafutia kuni. Baadaye alijifunza sala na kazi kwa Palamon, mzee aliyeishi peke yake pembezoni mwa jangwa. Karibu na mwaka 320 alianzisha huko Tabennisi makao ya watawa walioishi pamoja, wakila meza moja na kufanya kazi chini ya kanuni moja.

Wako wasemao kwamba wema hulipwa wema daima. Maisha ya mtu huyu hayakubaliani nao. Masimulizi ya Kikopti yaeleza kuwa watu wa kwanza waliokuja kukaa naye aliwapikia na kuwatumikia kwa mikono yake mwenyewe, nao wakamwona mjinga, wakamdharau na kumfanya kama mtumwa. Alivumilia miaka kadhaa, ndipo akawafukuza. Chakula kilekile kilichomfungua moyo yeye hakikuwafungua wao. Mtoaji hana mamlaka juu ya moyo wa mpokeaji, na pengine ndiyo sababu watu wa Thebes walitoa chakula chao wakaenda zao bila kudai ahadi.

Waliomfuata baadaye walikuwa wa namna nyingine. Dada yake, Maria, aliongoza makao ya wanawake. Pachomius alipofariki mwaka 346, katika maradhi yaliyowaua watawa wengi, alikuwa na makao tisa ya wanaume na mawili ya wanawake. Mwaka 404 Jerome alizitafsiri kanuni zake kwa Kilatini, na kwa njia hiyo zikafika Ulaya.

Kanuni hizo zina maagizo mengi madogomadogo, juu ya nguo, vitabu, kusuka mikeka na kunyamaza mezani. Nyingine humchosha msomaji wa leo. Mojawapo yahusu watu wanaobisha hodi mlangoni: wapokewe, kila mmoja apewe mahali pamfaapo, na wanawake watengewe makazi yao. Na wakifika jua linakuchwa, yasema kanuni hiyo, kuwafukuza ni uovu.