Kwa Nini Chombo Hupinduka

Msomaji wangu, ikiwa umepata kusimama juu ya kivuko cha Likoni alfajiri, umebanwa baina ya wachukuzi, wanafunzi na mikokoteni, basi umesimama mahali yalipoanza masomo yangu. Mimi ni mzaliwa wa Likoni. Kwa miaka minne nilivuka maji yale kwenda skuli kisiwani, na kila siku nyanya yangu aliniaga kwa maneno yale yale: "Usisimame ukingoni, mjukuu wangu."

Maneno hayo yalikuwa na asili yake. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka, wakafa watu 272. Kaka yake nyanya alikuwa mmoja wao. Kwamba chombo kilijazwa kupita kiasi, hilo kila mtu alilijua. Lakini nilipouliza kwa nini chombo kilichojaa kipinduke, badala ya kudidimia wima kama ndoo itiwayo maji, wakubwa waliniambia kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Sikubisha. Swali, hata hivyo, halikuondoka.

Swali hilo ndilo lililonifikisha Ulaya. Kiko huko Chuo cha Juu cha Kifaransa na Kijerumani, kilichoasisiwa mwaka 1978 kwa mapatano ya serikali mbili, nacho kina makao mawili: Metz, Ufaransa, na Saarbrücken, Ujerumani. Mwanafunzi wa uhandisi husoma kipindi huku na kipindi kule, pamoja na wenziwe wa mataifa yote mawili, na amalizapo hupata shahada za pande zote mbili. Usidhani kwamba nchi hizo zilikuwa marafiki tangu zamani. Mji wa Metz peke yake ulitwaliwa na Wajerumani mwaka 1871, ukarudi kwa Wafaransa baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1918, kisha ukatwaliwa tena mwaka 1940. Mimi niliuvuka mpaka huo kwa gari la moshi bila ya kuulizwa hata jina.

Kifaransa nilikuwa nimekisoma skulini. Kijerumani nilikianza ukubwani. Neno la kwanza la Kijerumani nililolisoma bila ya kamusi lilikuwa Schule, limeandikwa langoni. Nikacheka peke yangu, maana neno letu "shule" lilitoka huko huko. Kicheko hakikudumu. Katika mtihani wangu wa kwanza wa hesabu, huko Metz, nilianguka. Hesabu zenyewe nilizijua. Nililoshindwa ni kulisoma swali upesi. Usiku ule nilimpigia nyanya simu, nikamwambia huenda nikarudi. Akaniuliza kama chakula chapatikana. Nikamjibu kwamba chapatikana. "Basi ngoja kwanza," akasema.

Nikangoja. Mwaka wa pili mwalimu wetu wa Metz aliandika ubaoni jina la Pierre Bouguer, Mfaransa aliyetoa kitabu juu ya merikebu mwaka 1746. Hebu fikiri pamoja nami. Uzito wote wa chombo huvuta chini kupitia nukta moja. Maji nayo husukuma juu kupitia nukta nyingine, iliyo katikati ya sehemu iliyozama. Chombo kikiinama, nukta hii ya maji huhamia upande ulioinama. Ikiwa uzito uko chini, msukumo wa maji hukiinua chombo kikasimama tena. Uzito ukipanda juu mno, msukumo ule ule hukimalizia kukipindua. Mpaka baina ya hali hizo mbili ndio Bouguer aliouita metasenta. Mwalimu alithibitisha yote kwa hesabu, ubao mzima, wala hakuitaja bahari.

Muhula uliofuata, Saarbrücken, mwalimu mwingine hakuandika kitu. Alitupa mashua ndogo ya kuchezea ndani ya tangi la maji, na vipande vya chuma, akatuamuru tuupandishe uzito kidogo kidogo mpaka ipinduke, tuandike kipimo. Ilipopinduka wenzangu walicheka. Mimi nilitoka nje.

Wako wanaoshikilia kwamba njia ya ubao ni bora, na wako wa njia ya tangi. Nimewasikia wakibishana hata chakula kikapoa. Mimi naona kwamba bila ya ubao nisingalijua nilichokiona tangini, na bila ya tangi ningaliipita hesabu ile kama hesabu nyingine yoyote.

Nilipokuja likizo nilivuka kwa MV Kwale, kivuko ambacho pamoja na MV Likoni kilijengwa Ujerumani, vikaletwa mwaka 2010. Nyanya akataka kujua nimejifunza nini. Nikatia maji katika beseni, nikaelekeza bakuli juu yake, nikalaza vipande vinne vya sabuni ndani: bakuli likatulia. Kisha nikavipanga vile vile, kimoja juu ya kingine. Nilipoweka cha nne bakuli likapinduka, na ukingo wake ulikuwa ungali juu ya maji.

"Jambo hili laweza kujulikana kabla chombo hakijaondoka?" akauliza.

"Laweza, nyanya. Hupimwa kikiwa bado gatini."

Akanyamaza kitambo. Kisha akaviokota vile vipande vya sabuni majini, akavifuta kwa leso yake, akaniambia nifanye tena, polepole.