Samaki wanalala, mtu anasimama

Ndugu zetu wahami mnaosubiri njia ya kurudi nyumbani, leo siwaletei habari ya risasi. Nawaletea habari ya boti ya baba yangu mdogo.

Kwa miaka mingi boti hiyo ilivua sambaza usiku kwenye Ziwa Kivu. Mwaka 2024, vita vilipofunga barabara ya Sake kuelekea Minova, kila kitu kilihamia majini: maharagwe, makala, mihogo na watu. Baba mdogo akaamua kuigeuza ibebe abiria hadi Bukavu, karibu kilomita 100. Mimi pia nilitia akiba yangu.

Tulitaka kuiongezea gorofa. Tulimwita fundi mmoja mzee kutoka Idjwi. Akaizunguka, akagonga mbao, akauliza:

«Samaki mlikuwa mnawaweka wapi?»

«Chini, mzee.»

«Na watu?»

«Juu.»

«Basi mwanangu, sikiliza. Samaki wanalala, mtu anasimama. Wimbi likipiga, wote wanakimbilia upande mmoja.»

Akakataa kabisa. Tulikasirika, maana bila gorofa pesa yetu isingerudi haraka. Nasema kweli, mimi ndiye niliyeanza kutafuta fundi mwingine.

Kisha ikafika tarehe 3 Oktoba 2024. MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na Kituku, watu wa pwani wakiona kwa macho. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba watu 278. Nilifika Kituku na kinasa sauti changu. Akina mama walikuwa wanaita majina ya watoto wakiangalia maji. Sikukiwasha kwa muda mrefu. Nilifikiria gorofa yetu.

Jioni nilimpigia simu mzee wa Idjwi, nikamwomba radhi.

Aliondoa mbao zilizooza, akaziba mianya, akashusha moteri na viti karibu na sakafu. Badala ya paa la bati tukaweka turubai. Ubavuni akachora mstari mwekundu: maji yakifika hapo, hakuna kupanda tena, hata kama ni ndugu. Tulinunua jile kwa kila kiti. Rais alikuwa ameshaamuru hivyo tangu ajali ya Aprili 2019 kwenye ziwa hili hili.

Kazi ilichelewa na baba mdogo akanung'unika. Nikamkumbusha Liemba ya Ziwa Tanganyika: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Chombo cha zamani kinaweza kupata maisha mengine, lakini si kwa haraka.

Leo boti yetu inabeba watu 35. Akiba yangu bado haijarudi. Juzi mama mmoja wa Bulengo alinitukana kwa sababu tuliacha magunia yake pwani. Alikuwa anarudi Minova na watoto 4, na hasira yake naielewa. Alisafiri kesho yake, magunia na watoto wote pamoja.

Wazazi, kabla ya kupanda boti yoyote, angalieni mambo matatu: ubavu uko juu ya maji kiasi gani, watu wameketi au wamesimama, na mtoto wako ana jile. Kama hamuridhiki, shukeni. Aliyeshuka atapanda kesho.