Siboleti ndani ya bidoni

Wamama wenzetu wa Makiso, wengi wetu tunakaa katika parseli za watu. Tunapanda lengalenga nyuma ya nyumba, inaota vizuri, kisha mwenye parseli anataka kujenga chumba kingine pale pale, au anapandisha pesa ya nyumba, nasi tunafunga mizigo. Godoro linaenda, sufuria zinaenda, bustani inabaki. Ndiyo maana siboleti yetu tunaipanda ndani ya bidoni.

Tunachukua bidoni ya lita 5 iliyokuwa na mafuta ya kula. Ile iliyobeba petroli au dawa ya wadudu hatuitumii hata ikioshwa mara kumi. Tunaikata juu na kuitoboa chini kwa msumari wa moto. Udongo wenye mchanga unapitisha maji upesi, kwa hiyo tunauchanganya na majani yaliyooza.

Mbegu hatununui. Katika fungu la sokoni tunachagua siboleti zenye mizizi. Majani yanaingia ndani ya sombe. Kipande cha chini, kirefu kama kidole, kinaingia katika udongo. Vipande vitatu au vinne vinatosha kwa bidoni moja.

Hapa Kisangani mvua inanyesha miezi yote, na maji mengi yanaozesha mizizi. Tusiweke bidoni pale maji ya bati yanapoanguka. Tuipandishe juu ya matofali, mahali penye jua la asubuhi: matundu yatapumua, na kuku hawatafukua.

Majani yakirefuka, tunakata kwa kisu, tukiacha vidole viwili juu ya udongo. Tusing'oe. Yatarudi. Shina likijaa sana, tunaligawa, nusu inaenda bidoni nyingine au kwa jirani.

Mtu atasema fungu la siboleti ni pesa kidogo. Ni kweli. Lakini pesa kidogo ya kila siku ndiyo tunayoitafuta bila kuiona siku mtoto anapodai kaye na kalamu. Na siku ya kuhama, bidoni zinafungwa nyuma ya toleka pamoja na sufuria. Jioni ile ile mboga inapata ladha yake katika nyumba mpya.

Mkutano ujao, mwenye siboleti alete mashina machache. Asiye nayo alete bidoni.